Nyumba ya Barua: Maisha ya Crispus Wafula Makokha, Dresa wa Kiunga na Langoni

Nyote mliofika hapa nyuma ya mji leo Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 1969, wa kanisani na wa msikitini, wa bara na wa visiwani, habari hizi za marehemu zinasomwa na Nerea, dada yake wa ziwa moja. Msibani watu husema mazuri matupu. Nerea hakuzaliwa na ulimi huo, na kaka yake alitosheka na kufichaficha mambo. Basi tuseme yote.

Crispus alizaliwa tarehe 14 Aprili 1924 huko Kimilili, mtoto wa tatu wa Mzee Makokha na Mama Rebeka. Mvua ilikuwa ikimwagika, ndiyo maana akaitwa Wafula. Alikuwa mtoto wa huruma hata akawachosha wenzake. Kuku wa mama alivunjika mguu, yeye akamfunga kijiti na kitambaa, akamlisha mkononi mpaka akatembea. Krismasi ilipofika mama alimchinja kuku yule yule. Crispus alikaa nje ya jiko akisema hawezi kumla mgonjwa wake, na Nerea, Mungu amsamehe, akala fungu la watu wawili.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1932 hadi 1940. Mwaka 1943 alianza kujifunza udresa, kazi ya kufunga vidonda, katika hospitali ya Kakamega, akahitimu mwaka 1946. Tarehe 20 Desemba 1947 alifunga ndoa na Edah Nanjala, binti wa jirani, ambaye alikuwa amemkataa mara mbili kwa sababu, alisema, bwana huyu ananuka dawa. Mara ya tatu Crispus alikuja akiwa ameoga kwa sabuni ya kufulia. Edah alicheka, na kucheka ndiko kulikomponza. Walijaliwa watoto watatu: Douglas, Nekesa na Rufus.

Mwaka 1953 alihamishiwa Lamu, na mwaka 1956 akapelekwa Kiunga, kule kaskazini kabisa, kushika zahanati. Watu wa Kiunga walimpenda, naye akawapenda. Alipewa nyumba ya serikali, lakini alisema nyumba ya serikali ni ya kuazima, na mtu mzima haazimi mlango wa kumwambia mwenziwe karibu. Akajenga ya kwake kwa mikono yake, jioni baada ya kazi, kwa miaka miwili mizima. Ilikwisha mwaka 1960. Edah anasema mtu akipiga hodi, hata awe anakuja kudai sumu ya panya, Crispus alikuwa akiacha chakula na kwenda mwenyewe mlangoni kukaribisha. Hilo neno karibu lilikuwa tamu kinywani mwake.

Desemba 1964 Edah aliwapeleka watoto Kimilili kwa Krismasi. Kabla hajarudi, vita vya shifta vilizidi na Kiunga ikahamwa. Ilikuwa Februari 1965. Crispus alibaki mpaka siku ya mwisho akifunga vidonda vya waliokuwa wakipanda vyombo vya bahari, kisha naye akaletwa Mtangawanda, kisiwani Pate, pamoja na wazee na wagonjwa. Hapo ndipo alipopata habari kwamba nyumba yake imechomwa, haikusalia hata boriti. Yeye mwenyewe hakupata hata mkwaruzo. Huko bara tulipiga magoti kushukuru kwamba ndugu yetu ni mzima. Hatukujua kwamba mtu anaweza kuumia mahali ambapo bendeji haifiki.

Alipangiwa kazi Lamu. Akafanya juma moja. Juma la pili hakuamka. Hakuwa na homa, hakuwa na jeraha, damu yake ilipimwa ikaonekana safi. Alilala akitazama ukuta, mwili umemkataa. Ofisi ilimvumilia, ikamwandikia mara mbili, mara ya tatu ikamwachisha, na chumba alichopewa akapewa dresa mwingine. Ugonjwa huu tumeutafutia jina tukakosa. Kwetu tungesema amerogwa. Langoni walisema ana jini. Marehemu mwenyewe alisema neno moja tu: uzito.

Akatoka na mkeka na bahasha ya vyeti vyake, akaingia mitaa ya Langoni, akaketi kwenye daka la kwanza aliloliona tupu. Kwa ajili ya wageni wa bara tueleze: daka ni kile kibaraza chenye paa mbele ya mlango, chenye viti viwili vya mawe vinavyotazamana. Daka hili lilihudumia milango miwili. Mlango mmoja ni wa Bi Swafiya, mjane. Wa pili ni wa Bwana Athman, mshona kofia. Na desturi ya watu hawa, Mungu awazidishie, ni kwamba mgeni hahojiwi. Bi Swafiya alipomwona alidhani ni mgeni wa Athman, akatoa mkate wa sinia na kahawa ili jirani yake asiaibike. Bwana Athman alidhani ni mgeni wa Bi Swafiya, akatoa wali na samaki kwa sababu hiyo hiyo. Mambo yakaenda hivyo siku arubaini! Mtu analishwa na nyumba mbili, na bado anakonda.

Siku ya Idi ndipo mambo yalipofumuka. Bwana Athman alisimama pale pale dakani akasema, "Bi Swafiya, mgeni wako ni mtu mwema, lakini haneni. Yuna nini?"

"Mgeni wangu?" akasema Bi Swafiya nyuma ya mlango. "Subhanallah! Si mgeni wako wewe?"

"Wallahi si wangu."

Crispus aliposikia akaanza kukunja mkeka wake. Bi Swafiya alipoona anashika njia, akafungua mlango wote. "Keti! Washika ndia ya wapi? Wewe tumekuuliza kitu? Twaulizana sisi."

Akaketi. Akaketi miaka minne.

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bi Swafiya alisema Langoni hakuna shamba, akamletea mjukuu wake Kulthum mwenye kidonda cha mguu. Crispus alikitazama kidonda muda mrefu, kisha akaomba maji ya moto na chumvi. Kuanzia hapo daka likawa na wagonjwa: walioungua jikoni, waliochomwa na miiba ya samaki, watoto wenye maumivu ya masikio. Lakini si kila siku. Kulikuwa na siku ambazo hata akiitwa na mtu anayevuja damu hageuki, na watu walijifunza kumwacha. Alikuwa na kipimo chake mwenyewe: akiweza kunyoa ndevu asubuhi, siku hiyo ataimaliza. Asipoweza, alilala amejifunika mpaka jua lipite. Bi Swafiya hakumwuliza habari za moyo wake. Kila asubuhi aliuliza swali moja.

"Bwana Dresa! Yeo umenyoa?"

"Sijanyoa, Bi."

"Haya. Kesho iko."

Kahawa ilikuja, amenyoa hajanyoa.

Sasa tufike pale panapouma. Siku alizonyoa, Crispus alimwandikia mkewe. Barua hizo Edah anazo zote. Aprili 1965: "Mke wangu, nimepata kiwanja, usije kwanza." Desemba: "Msingi umekwisha." Mwaka 1966: "Leo tumesimamisha ukuta wa upande wa jua. Chumba cha Nekesa kitakuwa na dirisha." Mwaka 1967 palikuwa na vyumba vinne na jiko. Edah aliomba nauli kwa kaka zake, akaandika kwamba anakuja hata kama nyumba haina paa. Akajibiwa: "Ngoja paa, Edah. Nataka upige hodi nikukaribishe vizuri." Alikuwa akiandika hayo karatasi ikiwa juu ya goti, kwenye kiti cha mawe cha watu.

Hakuwa mwongo. Aliitamani ile nyumba mpaka akaiona. Nerea amezisoma barua hizo tena juma hili, na hakuna mahali ndugu huyu alipojisifu. Kila ukuta ulikuwa na sababu ya mtu: huu ili Rufus asipigwe na upepo, huu ili Edah apike bila moshi. Lakini huko Kimilili, ni nani aliyesema kisimani kwamba Crispus amepotelea pwani, kwamba nyumba inayojengwa miaka minne ina mwanamke mwingine ndani? Ni huyu huyu Nerea anayewasomea. Maneno hayo anayameza leo mbele yenu, na yana miiba.

Agosti 1969 kifua kilimshika. Alikohoa, akaisha mwili, akakataa kupelekwa hospitali akisema mgonjwa wa hospitali huulizwa anatoka wapi. Bwana Athman hakuvumilia tena. Alimwomba mwalimu mmoja wa bara amwandikie Edah, na barua ilikuwa na maneno machache: "Mama, mumeo ni mgonjwa. Njoo. Usingoje nyumba."

Edah na Nerea walishuka Lamu Jumanne, tarehe 16 Septemba. Edah alikuwa na pazia jipya ndani ya kikapu, alilolishona kwa ajili ya dirisha la Nekesa. Langoni akauliza dukani, "Nyumba ya Bwana Crispus Dresa ni ipi?" Mwenye duka akasema, "Nifuateni." Hakucheka. Hakuna mtu wa mtaa ule aliyecheka, wala aliyetoka kutazama.

Crispus alikuwa amelala kwenye kiti cha kushoto, amefunikwa shuka. Alipomwona mkewe alijaribu kuinuka akashindwa. Uso wake Nerea hapendi kuukumbuka. Ulikuwa wa mtu aliyekamatwa. Akasema, "Edah, nyumba haijaisha."

Edah alitazama juu akaliona paa, akatazama huku na huku. Akaketi kwenye kiti cha pili kilichomwelekea, akaweka kikapu miguuni.

"Naona," akasema. "Lakini viti umeshamaliza. Mimi nimechoka kungoja, Crispus. Nitakaa humu humu ikiendelea kujengwa."

Crispus akalia. Miaka minne hakuna aliyemwona akilia. Edah alimwacha mpaka akatulia, kisha akasimama, akatoka mpaka barabarani, akageuka, akaita kwa sauti ya watu wote kusikia: "Hodi!"

Na yule bwana akajibu, "Karibu."

Bi Swafiya, nyuma ya mlango, alisema Alhamdulillahi, na papo hapo akaamuru chumba chake cha chini kiondolewe magunia. "Mke na mume hawalali ndiani," akasema. Waliishi humo siku ishirini na tatu. Uzito haukumwacha. Tusidanganyane hapa mbele ya Mungu kwamba mke akija ugonjwa hukimbia. Kuna siku aligeukia ukuta hata Edah akiwepo. Tofauti ni kwamba Edah alikaa upande wa mgongo wake, akishona, akimwambia habari za ng'ombe na za mahindi, bila kudai jibu.

Alhamisi asubuhi, tarehe 9 Oktoba, Crispus aliomba anyolewe. Edah alinyoa shavu la kulia. Alipotaka kumgeuza, alikuta amekwisha kwenda. Hakupiga ukelele. Alinyoa shavu la kushoto mpaka likawa laini, akamfuta povu, ndipo akatoka kutuambia.

Basi Nerea, mtoto wa mila, akaanza fujo. Kwetu mwanamume mwenye mke na watoto hatolewi kwenda kuzikwa kutoka nyumba ya mtu mwingine. Asiye na nyumba hujengewa, hata kibanda cha siku moja, alale humo, atoke humo kama mwenye mji. Asipofanyiwa hivyo, huzikwa kama mpita njia. Nerea alilia kwamba Kimilili ni mbali, joto ni kali, na kaka yake atakwenda kaburini akiwa mgeni. Edah alimwambia anyamaze, kwamba yeye amekaribishwa na mumewe na yatosha. Bwana Athman alikuwa amesimama hapo. Akauliza, "Kwenu chahitaji siku ngapi?" Akaambiwa hata mchana mmoja. Akaitia kofia kichwani akatoka.

Baada ya swala ya adhuhuri jana, watu wa Langoni walifika kwenye kiwanja cha Bwana Athman hapa nyuma ya mji na boriti, fito na makuti. Walikuwapo watu ambao Crispus aliwafunga vidonda, na watu wa Kiunga ambao nao hawajarudi kwao mpaka leo. Hao ndio waliofanya kazi kwa nguvu kuliko wote, na Nerea hakuwauliza kwa nini. Ilipokwisha saa kumi na moja jioni, Bwana Athman hakuingia. Alisimama nje ya mlango, kichwa ameinamisha, akapiga hodi. Edah akatazama ndani, akatutazama sisi, kisha akaelewa. Akaingia peke yake, akasimama kizingitini, akajibu kwa niaba ya mwenye nyumba: "Karibuni." Ndipo tukamwingiza Crispus kwake.

Marehemu amemwacha mjane wake, Edah Nanjala. Watoto wake Douglas, Nekesa na Rufus, ambao wataambiwa kwamba baba yao alikuwa mgonjwa na hakuwasahau hata kwa barua moja. Dada yake Nerea, mwenye deni la maneno. Bi Swafiya na mjukuu wake Kulthum. Bwana Athman na mtaa mzima wa Langoni. Mazishi yataanza kutoka nyumbani kwake, ile pale, yenye makuti mabichi.

Bwana Mungu, mtu huyu yuko mlangoni pako. Usimwambie angoje. Apumzike kwa amani.