Kiganja cha Mama Zamu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Zamu, mkuu wa chumba chetu cha kuongozea umeme, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Naandika haya jicho moja likiwa kwenye skrini, maana kuna wingu linasogelea paneli za jua, na yeye ndiye aliyetufundisha kutoliamini wingu lolote.

Alianza kwa kuchota sampuli za maji ya boila, akapanda cheo hadi akapewa kiti cha mkuu wa zamu. Kiti chenyewe hakukikalia. Mama huyu hatulii! Huzunguka chumba na kikombe cha chai iliyopoa zamani, na kila akipita huweka kiganja mezani kuupima mtetemo wa mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa ikinguruma chini yetu. Mumewe ametupasha kwamba hata friji ya nyumbani huishika hivyo hivyo kabla ya kulala.

Ilipoamuliwa mitambo ya makaa izimwe, tubaki na jua, upepo na betri za kuhifadhi umeme, alibanwa kote kote. Dada yake anaishi nyuma ya uzio wetu, nguo zake zilikuwa hazikauki bila majivu, na kila Jumapili alimuuliza hilo dude mnalizima lini. Upande wa pili kulikuwa na wodi ya watoto njiti katika hospitali tunayoipa umeme, ambayo haiwezi kusubiri upepo uvume. Wakubwa walitaka kuzima mapema. Akagoma mpaka betri zijaribiwe upya, na dada yake akamnunia miezi.

Siku ya mtambo wa mwisho ikafika. Ulipunguza mngurumo, ukanyamaza. Mama Zamu akaweka kiganja mezani, hakuhisi kitu, akanyakua simu na kuwaambia hospitali umeme umekatika, wawashe jenereta. Fundi wa huko akamjibu kwa upole kwamba mbona kwake taa zote zinawaka. Zetu pia zilikuwa zinawaka, tena juu ya kichwa chake. Tulicheka hadi machozi. Yetu yalipokoma, yake yakaendelea.

Wingu limefika sasa. Umeme wa jua umeshuka kwenye skrini, betri zimeshika nafasi yake, na mimi nimejikuta nimesimama, kiganja mezani. Meza imetulia, taa zinawaka.

Mama, asante kwa wasiwasi wako wote. Tumeurithi, usijali. Dada yako anasema ameanika mashuka meupe na anakungoja. Tunakutakia siku njema nyingi kibarazani kwake, chai ikiwa bado ya moto, nawe umekaa.