Fundi Spoku na Sindano ya Mdogo Wake

Baba yetu, mliyemjua kwa jina la Fundi Spoku, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mkulima na msuka mikeka. Alipofikisha miaka miwili akazaliwa mdogo wake wa kiume. Bibi alitusimulia kwamba marehemu alimchungulia mtoto kwenye kanga, akauliza, "Huyu anarudi kwao lini?"

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966. Aliyechaguliwa kuendelea na masomo baadaye ni mdogo wake, na donge hilo halikumtoka.

Alijifunza ufundi baiskeli, akafungua kibanda kando ya soko. Gurudumu alilinyoosha kwa sikio, akigonga spoku moja moja na kusikiliza. Mdogo wake, aliyekuwa mwashi, akijenga ukuta nyumbani kwake, marehemu naye anaongeza chumba kwake. Mwaka 1976 alimuoa mama yetu, mshonaji. Inasemekana aliharakisha harusi baada ya kusikia mdogo wake ameposa.

Mwaka 2009 wote wawili walikutwa na kisukari. Marehemu alipewa vidonge; mdogo wake, sindano.

"Yeye dawa kali, mimi pipi?" alimuuliza muuguzi wa zahanati.

Muuguzi alimweleza kwamba mwili wa mdogo wake haujiwezi tena bila sindano, lakini wake bado unajitahidi, ilimradi ameze vidonge kila siku, hata akijisikia mzima. Aliitikia kwa adabu, akatoka haamini. Kwake yeye sindano ilimaliza ugonjwa, vidonge viliubembeleza tu. Akawa anameza siku za kizunguzungu, akipata nafuu anaacha.

Siku moja alimfuata mdogo wake, akakunja mkono wa shati. "Nichome na mimi."

"Kaka, hii haikupimwa kwako. Inaweza kukuua."

"Sema unaninyima. Tangu utotoni mazuri yote yako!"

Msimu mzima hawakusemezana. Ndipo marehemu alipokanyaga kipande cha waya kibandani, asisikie chochote, kwa kuwa kisukari kilishamtia ganzi miguuni. Mama ndiye aliyeona damu kwenye ndara. Kidonda hakikupona, akakatwa vidole viwili vya mguu.

Aliyempeleka hospitali ni mdogo wake. Wakiwa kwenye benchi la kusubiri, alimwambia, "Kaka, mwenye wivu ni mimi. Wewe unameza, unaenda kazini. Mimi kila asubuhi nahesabu mpaka kumi kabla sijathubutu kujichoma. Ningepewa vidonge vyako, ningeruka kwa furaha."

Marehemu alijipiga paja. "Kumbe!" akasema, akacheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Tangu hapo hakuacha dawa tena. Alikuwa akipita kwa mdogo wake akiutikisa mkebe wa vidonge makusudi, ili yule asikie na roho imuume.

Mwaka 2021 figo zilidhoofika, daktari akamhamishia kwenye sindano. Mdogo wake alifika kila asubuhi kumchoma. Mara ya kwanza marehemu alikunja uso: "Hiki ndicho nilichokuwa nakililia?"

Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Juni 2023, nyumbani, mama akiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na mdogo wake, ambaye jana, wakati kaburi likichimbwa, alimwambia mama, "Shemeji, hata huku katangulia yeye."

Lala salama, baba yetu. Mungu akupe raha isiyo na mashindano.