Daftari Lisilo na Maksi

Mbele ya kibanda cha fundi viatu pana benchi lenye mguu mmoja mfupi, na alasiri hiyo kahawa ilikuwa ikinywewa na wote isipokuwa Fundi mwenyewe. Mapajani alikuwa na daftari la binti yake, limefunguliwa kwenye maneno mekundu ya mwalimu. Maksi hazikuwepo. Si mia, si sifuri! Alikuwa ameapa kwamba kesho asubuhi anamhamisha mtoto shule, na Fundi akishaapa, hata mkewe humwachia.

— Soma tena, alisema Kinyozi, ambaye kijiwe kizima kilimwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui".

Fundi akasoma, kidole kikifuata mstari.

— "Mwanzo wako umenishika. Mwisho umeukimbia. Rudi uandike ulichotaka kusema kweli. Mzazi, nawe andika neno hapa chini."

— Basi huyo hajui kusahihisha, alisema Profesa. Enzi zetu unapata nne kwa kumi, unachapwa sita, hesabu imefungwa.

— Na tulielimika! alidakia Breki, dereva mstaafu wa lori. Mimi nilichapwa mpaka fimbo ikanizoea.

— Ukajua nini? aliuliza Profesa.

— Kukimbia.

Fundi hakucheka. Binti huyo ndiye tegemeo lake, na sasa hakujua kama mtoto anapanda au anashuka. Ilimuuma, tena sana.

— Nisikilizeni, alisema Profesa. Walimu wa siku hizi wameambiwa wasimvunje mtoto moyo. Kwa hiyo sifuri zote wanazificha.

— Wanazificha wapi? aliuliza Fundi.

— Kabatini! Mwisho wa mwaka wanafungua mlango, zinamwangukia mtoto kwa mpigo.

— Wapi bwana! alisema Breki. Mtoto amepita kipimo, namba zimemwishia. "Umenishika", hukusikia? Mwalimu kashikwa huyo! Wiki ijayo binti anasimama ubaoni, mwalimu anakaa dawatini na sare.

— Sare itamtosha? aliuliza Profesa.

— Watamshonea.

— Jamani, nimhamishe au nisimhamishe? Fundi aliuliza.

— Mhamishe, alisema Profesa.

— Mhamishie chumba cha walimu, alisema Breki.

Mama mmoja alikuwa amefika na kiatu kilichong'oka soli, akawa amesimama kwa mguu mmoja akisubiri apokelewe.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Kwani mtoto aliandika nini?

Profesa akamgeukia Fundi, Breki naye akamgeukia. Fundi alikuwa na daftari hilo tangu asubuhi, wala hakuwa amepandisha macho juu ya wino mwekundu. Akayapandisha sasa. Zilikuwa kurasa tatu za wino wa buluu, na mistari ya mwisho ilisema hivi:

"Nilikimbia nyumbani nimwonyeshe baba. Mimi huandika kurasa tatu, baba husoma namba moja tu, ile ya maksi. Lakini si neno. Mwisho."

Aibu ilimpanda Fundi mpaka masikioni.

— Inasemaje? Profesa alihimiza.

— Hebu nyamazeni, nasoma, alisema Fundi, akarudi ukurasa wa kwanza.

— Na kiatu changu je?

— Kaa, mama yangu. Ni kurasa tatu tu.