Sindano Imelala

FRANSISKO: Haloo? Nani mwenzangu?

MWANVITA: Shikamoo, fundi. Mwanvita, wa redio ya tahadhari ya mto, huku mlimani.

FRANSISKO: Marahaba. Sema, mdogo wangu, unakatika –

MWANVITA: Waya wa antena una joto.

FRANSISKO: Joto?

MWANVITA: Vuguvugu. Nikibonyeza kuongea, pale unapotokea redioni.

FRANSISKO: Mita ya SWR inasemaje? Ile sindano inayopima nguvu inayorudi kutoka kwenye antena?

MWANVITA: Imelala.

FRANSISKO: Basi poa. Hairudi, maana yake inaruka hewani.

MWANVITA: Hairuki, fundi. Kule chini Mlali hawanisikii. Mto umefunika lile jiwe la kupimia mafuriko na mama yuko kule bondeni, shambani. Ananiita kwenye redio, namsikia kwa mbali. Namjibu, anauliza tu, "Mwanvita, upo?"

[mkwaruzo]

FRANSISKO: Lakini mita –

MWANVITA: Siku ulipoifunga nilitia rangi ya kucha kwenye kioo, pale sindano iliposimama. Sasa imelala chini ya alama.

FRANSISKO: Yaani nzuri kuliko ilipokuwa mpya?

MWANVITA: Na mvua yote hii.



FRANSISKO: Waya umekunywa maji. Unameza nguvu inayokwenda, unameza na inayorudi. Mita iko mezani, inaona ya mezani tu. Sikia, punguza nguvu, ufungue waya kule juu kwenye antena. Waya ukiwa mzima, sindano itaruka. Isiporuka –

MWANVITA: Nimeshafungua. Haikuruka. Yametoka maji meusi.

FRANSISKO: Umepanda mwenyewe? Na utelezi huo?

MWANVITA: Nimebeba redio, mita na betri, niko chini ya mlingoti. Nimefunga ule waya mfupi wa akiba. Naogopa kuiunguza.

FRANSISKO: Haiungui. Bonyeza.

MWANVITA: Subiri, fundi. Mlali, Mlali. Mama, maji yanakuja. Toka bondeni, waambie wote.

[mvua, mkwaruzo]

FRANSISKO: Vipi? ... Mwanvita?

MWANVITA: Sindano imepanda. Imegusa rangi.

FRANSISKO: Na mama?

MWANVITA: Ananifokea. Anasema nilikuwa wapi. Wanapanda.

FRANSISKO: Alhamdu – ah, umenitoa jasho. Na mimi Jumanne kwenye mafunzo niliwaambia watu mita haidanganyi.

MWANVITA: Fundi, salio linaisha.

FRANSISKO: Haya, nakuja kesho na waya –

MWANVITA: Jumanne ulipouliza nani ana swali. Niliinua mkono. Ukanitazama, nikajifanya najikuna kichwa.

FRANSISKO: Swali gani?

MWANVITA: Hilihili. Sindano nilikuwa nimeshaiona chini ya alama. Niliogopa mtaniuliza nimesoma mpaka la ngapi. La nne, fundi. Nimeishia la n–

[imekatika]