Kinywa cha Honorine

Wasikilizaji wapendwa, hao kome waacheni sufuriani kidogo, mkae. Sidonie Hautot ametutoka. Sidonie wa juu ya ngazi za kanisa, ndiye huyo, ametutoka.

Nani hapa mjini kwetu Saint-Vaubert hakuwacheka akina Hautot? Tusidanganyane. Ile picha ya karne ya kumi na tisa ilitundikwa kila mkahawa: mabibi wa Paris wanaoga baharini, na katikati yao Honorine, dobi wa hapa hapa, bibi wa mama yake Sidonie. Kabebwa na mwogeshaji, yule mtu wa kuwashika waogaji mawimbini, kinywa wazi kama anayelia kwa hofu, kiatu kinaelea. Ukoo mzima ukaitwa Wapiga Mayowe. Léontine, mama yake Sidonie, hakuwahi kulowesha hata kidole baharini. "Mwanangu, bahari ilishatuaibisha mara moja," alikuwa akisema. "Yatosha."

Siku moja Anselme, mchapaji, akamwita Sidonie karakanani. Lile jiwe lenyewe lililochapa picha lilikuwa mezani. Desturi yao mnaijua: jiwe husuguliwa kwa mchanga na maji, picha ya zamani ikafutika, ikachorwa nyingine.

"Haya, Mpiga Mayowe," Anselme akamtania. "Nisugue, ukoo upumue?"

"Sugua, tena kwa nguvu!"

Ila akainama alitazame mara ya mwisho. Jiweni, kinywa kilikuwa na meno madogo madogo, na mashavu yana vishimo. Kumbe waliochapa zile nakala za mikahawani walizidisha wino, ukafukia yote, likabaki shimo jeusi tu.

"Anselme, weka chini huo mchanga! Huyu halii. Anacheka!"

Anselme akachapa nakala mpya, kwa wino mwepesi. Sidonie akakimbia nayo nyumbani. Léontine akaitazama mpaka machozi yakamdondoka.

"Loo! Maisha yangu yote nimelinda aibu ya mtu aliyekuwa anajifurahisha!"

Kisha akaanza kuvua soksi. Mama na binti wakaingia baharini na magauni yao.

Tangu hapo Sidonie aliwafundisha wanawake wa mji huu kuogelea. Aliyeogopa aliambiwa, "Piga mayowe, shoga, yanatia joto!"

Pole sana Bérengère, binti yake, na akina Hautot wote. Tulio hai tujiulize: ni furaha ya nani tuliyoipaka wino tukaiita aibu? Bérengère anasema, "Mama hakutaka maua. Jumapili, maji yakijaa, njooni muoge." Tutakuja, binti yetu. Maji yatakuwa baridi, nasi tutapiga mayowe.