Mlima Uliofutwa Kwenye Kompyuta

Benchi letu liko mbele ya duka la kuziba pancha, na siku hizi halikaliki kwa hasira. Mdogo wake Mama Kahawa, huyu anayetuuzia kahawa hapa, alitoka na boti Jumatatu, injini ikazima, simu ikakatika. Ofisi ya uokoaji hapo ng'ambo ya barabara ikaiuliza kompyuta maji yatampeleka wapi. Kompyuta ikasema kusini. Wametafuta kusini siku tatu, wameambulia patupu. Leo saa kumi wanafunga msako. Mama Kahawa anamimina vikombe, na sisi tunafoka.

Anayefoka zaidi ni Mzee Kina, aliyepima vina vya bahari miaka ishirini kabla ya kustaafu.

Mzee Kina: Kusini gani? Chini pale kuna mlima! Nimeupima mwenyewe. Mkondo ukifika hapo unapinda, unashika mashariki, mpaka maji ya juu yanageuka nao.

Fundi Pancha: Sasa kompyuta haiujui huo mlima?

Mzee Kina: Inaikata bahari miraba mikubwa mikubwa, kila mraba unapewa kina kimoja. Mlima wangu umechanganywa na mabonde ya pembeni, ukatolewa wastani. Tambarare!

Fundi Pancha: Yaani mtu afe kwa sababu ya wastani? Washenzi wakubwa!

Wakili akadakia. Tunamwita Wakili kwa ubishi tu, mahakamani hajawahi kukanyaga.

Wakili: Makusudi hayo! Milima inachelewesha hesabu. Wameifuta ili wawahi kwenda nyumbani.

Fundi Pancha: Wewe nawe, acha uongo.

Wakili: Uongo? Bahari yote humo wameichora kama beseni! Aliyeichora hajawahi hata kulowa miguu!

Fundi Pancha akabwaga tairi chini.

Fundi Pancha: Basi hata sisi kwenye kompyuta hiyo hatumo! Wametusawazisha na mtaa mzima!

Mimi nami sikukubali kubaki nyuma. Nilisema ofisi ile ichomwe moto pamoja na kompyuta zake. Benchi zima likapiga kelele za kuniunga mkono, nikajiona mwanamume kweli.

Hapo akafika wifi yake Mama Kahawa, mke wa huyo aliyepotea, macho yamevimba. Mzee Kina akamweleza upya: mlima, mkondo, mashariki.

Wifi: Kwa hiyo mume wangu yuko mashariki?

Mzee Kina: Kama boti bado inaelea, mwanangu, iko mashariki. Naapa.

Wifi: Mmelijua hili tangu lini?

Mzee Kina: Tangu juzi.

Wifi: Na ofisini walisemaje mlipowaambia?

Mzee Kina alimtazama Fundi Pancha. Fundi Pancha alimtazama Wakili. Wakili, asiyekosa neno, alitazama miguu yake. Siku mbili nzima tumekaa pale tukitukana, na hakuna hata mmoja wetu aliyevuka barabara.

Mama Kahawa alimnyang'anya Mzee Kina kikombe.

Mama Kahawa: Inuka. Inuka twende!