Digrii ya Benchi

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubavuni mwa duka la Fundi Saa: benchi la watu watatu, matofali mawili, na ndoo iliyopinduliwa. Kinyozi alianzia kwenye ndoo mwaka jana, akapanda hadi tofali, na hapo akagota. Sasa mwenye nafasi ya tatu benchini alikuwa amehama mji. Kinyozi aliitaka nafasi ile mpaka kahawa ikampoa mkononi. Wenye benchi lao, Fundi Saa na mzee Dereva, walikuwa wakibishana kuhusu Frimasoni.

— Digrii zao tatu tu, alisema Fundi Saa. Mwanafunzi, fundi, fundi mkuu. Basi.

— Hizo za chini, mzee mwenzangu. Ukivuka hapo, njia zinagawanyika. Tawi la Skoti linapanda mpaka thelathini na tatu. Tawi la York linaishia kwa mashujaa wa upanga.

— Upanga wa kumkata nani?

— Ukiuliza, bado hujafika, alijibu Dereva.

Kinyozi akaona asipojitosa leo, atazeekea kwenye tofali.

— Wazee wangu, mimi nimemnyoa mmoja wa digrii ya kumi na nane. Nafagia, sioni hata unywele mmoja.

— Nywele zilienda wapi? aliuliza Fundi Saa.

— Ndiyo nakuambieni sasa.

Dereva hakutaka kupitwa.

— Wa thelathini hana kivuli. Ukimkuta na kivuli, ujue kaazima.

— Na wa thelathini na tatu, alisema Kinyozi, sauti ikimpanda, hata mwenyewe hajui kama ni mwanachama. Wamemficha.

Fundi Saa aliweka kikombe chini taratibu, akapigapiga benchi.

— Njoo ukae huku, mwanangu.

Kinyozi alikwenda kwa furaha, nusura amwage kahawa. Akaketi. Msumari ukamchoma. Wazee wakatazama barabarani, na ndipo alipoona kwamba kila mmoja wao alikuwa amekalia tako moja tu, kuukwepa msumari wake. Mwaka mzima alidhani ni maringo.

Mara akatokea muuza viatu, mgeni wa mtaa.

— Shikamooni. Naweza kukaa hapo?

— Marahaba. Anza na ndoo, alisema Dereva. Halafu tofali.

— Kwani huko benchini kuna nini?

Wazee wakamgeukia Kinyozi. Akahamishia uzito upande uliosalimika, akakunja nne.

— Ukiuliza, ndugu yangu, bado hujafika.

Mgeni akaikalia ndoo, raha mustarehe, akilitamani benchi.